Jiwe Lenye Jicho

TANGAZO RASMI. Kwa wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na wale wanaolisoma gazeti hili begani kwa mwenzao bila kulinunua: mimi, msimuliaji wa hadithi hii, mwenye akili timamu na cheti cha nidhamu kutoka shule ya bweni, natangaza kwamba mizuka haipo, haijawahi kuwapo, na hata ingekuwapo mimi nisingeiogopa.

Cheti hicho nilikiandika mwenyewe. Na tangazo hili nalitoa nikiwa nimelala kifudifudi uvunguni mwa kabati la vyombo.

Mnakumbuka tulivyoachana toleo lililopita. Ilikuwa meza ya mchana, familia imekaa, Baba mdogo amemkabidhi mchumba wake kisanduku cha pete. Yule dada akakifungua, akainama alitazame jiwe, akapiga ukelele: "Kuna mtu humu ndani!" Pete ikamruka mkononi, ikagonga sahani, ikabingirika chini ya kabati. Nikatumwa mimi kuifuata, kwa sababu nyumbani kwetu kila kilichopotea hutafutwa na aliye mwembamba.

Basi nikaishika. Nikaigeuza.

Katikati ya ile almasi palikuwa na jicho. Jeusi, la mviringo, halipepesi. Linanitazama mimi.

Niliinuka kwa haraka nikasahau nilipo. Kabati likanikumbusha kichwani.

"Umeipata?" Baba mdogo aliuliza.

"Yenyewe ndiyo imenipata," nilijibu.

Hakucheka mtu.

Sasa niwatambulishe upesi kabla hawajaanza kugombana. Baba mdogo ni mkaguzi wa mizani. Huzunguka madukani na mawe yake ya shaba akihakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo. Mji mzima humwita Mizani. Hamwamini mtu yeyote, ila uzito anauamini. Mkewe, Mama mdogo wangu, alifariki, na tangu hapo nyumba yake ina ukimya ambao ukiingia unajikuta unatembea kwa ncha za vidole.

Mchumba wake mpya ni mshonaji wa magauni ya harusi. Amewavika wanawake wa mji huu na la kwake hakuwahi kulishona, mpaka mwaka huu. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, bado mikono tu.

"Ni jiwe safi," Mizani alisema. "Nimelipima mwenyewe. Kwa uzito, hakuna pete ya mjini hapa inayolikaribia."

"Sikuuliza uzito wake." Mshonaji alikuwa amesimama, mgongo umeegemea ukuta. "Nimeuliza ni nani yumo."

"Hakuna mtu anayeweza kukaa kwenye jiwe la karati mbili."

"Mimi nimemwona, Mizani! Ameniinamia kama nilivyomwinamia."

"Leteni hicho kisanduku," Bibi akaamuru.

Bibi ni mama yake Mizani. Macho yake yana ukungu, ila pua yake ukikaanga yai kwa jirani itakwambia umetia chumvi au hujatia. Nikampa kisanduku. Akakisogeza puani, akavuta pumzi mara moja tu, akakiweka mezani pole pole.

"Mchaichai," alisema.

Mizani akaacha kijiko.

"Mafuta yake ya mchaichai," Bibi aliendelea taratibu. "Aliyokuwa akijipaka viwikoni. Mwenyewe amekuja."

"Mama, tafadhali."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Mimi sijamleta. Wewe ndiye unayeoa bila kumuaga."

Kisanduku kikazunguka meza. Kila aliyenusa alikipitisha kwa wa pili bila kumtazama. Kilipofika kwa Mizani alikifunika bila kukinusa, haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho hajakifagia.

Mshonaji alimtazama akifanya hivyo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya mwanamke aliyeshika mkasi maisha yake yote si jambo la kuchezea.

"Sina ugomvi na marehemu. Mungu amrehemu. Lakini siwezi kulala kitanda kimoja na wewe huku mkeo ananichungulia kidoleni. Atafutwe mtu anayejua mawe, anieleze huyu ni nani. Asiponieleza nikaridhika, nalishusha lile gauni na kulifumua mshono kwa mshono. Umenisikia?"

Alisikia. Tulisikia sote.

Alasiri ile nyumba haikuwa nyumba. Nilipita chumba cha wageni nikaona gauni linayumba kidogo, na dirisha limefungwa. Lilikuwa bila mikono, kana kwamba linamsubiri mtu aje na yake. Bibi alimimina maji ya kunywa, akaweka bilauri moja zaidi ya watu tuliokuwapo, akaitazama, asiiondoe. Na Mizani nilimkuta ukumbini, jua linawaka nje, amesimama mbele ya kiti kitupu.

"Nakuja," alikiambia kile kiti.

Nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni.

Asubuhi tukaenda kwa fundi wa vito. Mshonaji mbele, Mizani nyuma yake, Bibi akinishika mkono ili nimwongoze, au ili nisitoroke. Kwa Bibi ni jambo lile lile. Mimi huniita Hasara, na si kwa kunitania.

Fundi mwenyewe ni mama wa mabega mapana, anayevaa kioo cha kukuzia juu ya paji la uso kama jicho la tatu. Watu humwita Bi Sindano. Ukishaongea naye huulizi kwa nini.

"Mmekuja kununua au kubishana?"

"Kubishana," Bibi alisema.

"Karibuni, kaeni. Wanunuzi hawana maana, huwa wanakubali tu."

Mizani akaitoa pete. Bi Sindano hakuigusa kwanza. Alinyoosha mkono akazima taa zote za kaunta, duka likawa la kijivu.

"Mbona unazima?" Mizani aliuliza. "Taa ndizo zinazolionyesha."

"Ndizo zinazolisaidia kudanganya. Chini ya taa za dukani hata kipande cha chupa kinacheka. Nataka kuona linavyocheka kivulini. Njooni dirishani."

Dirisha lilitazama ukuta mweupe wa uani. Akateremsha kioo jichoni, akaishika pete kwa kibano, akaigeuza, akaguna.

"Dhahabu hii changa. Bado ina joto la moto. Lakini jiwe…" Akaguna tena. "Jiwe lina umri. Pembe zake zimechoka. Umelinunua wapi, kaka?"

"Mtaa wa pili."

"Duka lipi?"

"Lilihama."

"Lilihama kwenda wapi?"

Mizani akashikwa na kikohozi.

"Haya. Na ni nani amelipaka mafuta mgongoni?"

Hapo kikohozi kikakoma. Mimi nikaanza kusoma kwa makini bango la ukutani lililosema MKOPO HAKUNA. Bango zuri. Nililisoma mara kadhaa.

"Almasi inapenda mafuta kuliko kikaango," Bi Sindano alisema huku akimimina maji ya moto na sabuni kwenye kibakuli. "Iguse kwa kidole chenye mafuta, itakibeba kidole hicho mgongoni mpaka uioshe. Mwanga ukija unateleza na kwenda zake."

Akaitumbukiza pete, akaanza kuisugua kwa kiburashi. Mvuke ukapanda. Na pamoja na mvuke ukapanda mchaichai, ukajaa chumba kizima, mzito, wa karibu, kana kwamba mtu amekunja mikono ya blauzi akakaa katikati yetu.

Palikuwa na kiti kimoja kitupu. Bibi akakigeukia.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Mizani alitazama mlangoni. Alitazama kama unavyotazama unaposikia hatua za mtu unayezijua. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaendelea kuutazama.

Mshonaji hakutazama kiti wala mlango. Alimtazama Mizani.

Bi Sindano akaikausha pete, akaiinua dirishani. Pembeni jiwe lilimetameta. Katikati, jicho lilikuwa pale pale, sasa jeusi zaidi, kama limenawa uso.

"Bado yumo!" Mshonaji aliruka.

"Keti, dada. Unajua kukata?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Ukiletewa kitambaa cha thamani ukakikata vibaya?"

"Kimekufa."

"Hata kikiwa kizito?"

"Uzito wa nini? Gauni si gunia."

"Basi mwambie huyo." Kibano kikamwelekea Mizani. "Ninyi wote mnauliza jiwe lina ukubwa gani. Hakuna anayeuliza limekatwaje. Sikilizeni. Mwanga unaingia kwa juu hapa, usoni. Jiwe lililokatwa vizuri linaupokea, unagonga ukuta huu, unagonga ule, unarudi kwa mlango ule ule ulioingilia. Ndiyo maana tunasema linang'aa. Hili limeachiwa tumbo. Tazama kwa ubavu, limening'inia. Mwanga ukiingia unashuka kama kindoo kilichokatika kamba kisimani. Haurudi. Na pale pasiporudi kitu ndipo mnapoona jicho."

Mshonaji akalitazama jiwe kwa ubavu.

"Kwa nini waliacha tumbo?" Mshonaji aliuliza.

"Kwa ajili ya wanaume wanaonunua kwa mizani. Uzito wote uko chini, kwenye dhahabu, asikokuona mtu. Kaka amelipia kitambi."

Bibi akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Kilo ni kilo," Mizani alisema, shingo imemsimama.

"Ni kweli. Hata kokoto ina kilo."

Akaweka karatasi ya kijivu mezani, juu yake mawe matatu. "Dada, chagua linaloishi."

Mshonaji akainama.

"Usiiname! Ukilikaribia hivyo kichwa chako kinaziba mwanga, unaona giza lako mwenyewe, halafu unapiga kelele mezani kwa watu. Nyoosha mkono. Weka mbali. Lichezeshe."

Akanyoosha mkono. Akalichezesha la kwanza pole pole, kulia, kushoto, kama anayeonja mkunjo wa sketi.

"Hili limelala. Jeusi kati, kama letu."

"Tumbo. Endelea."

"Hili nalo… lina mduara mweupeupe ndani. Kama jicho la samaki aliyepikwa."

"Hilo limebanwa mno, halina tumbo kabisa. Mwanga unapita chini kama hakuna mtu nyumbani. Endelea."

La tatu lilikuwa dogo kwa kimo. Alilitikisa kidogo tu, na mle ndani vidoa vya giza na vya mwanga vikabadilishana nafasi, upesi, kwa mpangilio, kila kimoja kikijua pa kwenda. Mshonaji akasahau kwamba anaogopa. Niliona usoni.

"Hili linahema," alisema.

"Umefaulu. Nalo ndilo jepesi kuliko yote."

"Haiwezekani," Mizani alisema, akaomba mizani ya dukani, akalipima, akaikagua na mizani yenyewe kwa mazoea, akalipima tena. Kisha akaliweka kando ya lake. Lile jepesi lilionekana pana kuliko lile zito. Akayatazama yote mawili, mtu mzima aliyeamini kitu kimoja maisha yake yote.

"Kwa hiyo hakuna mtu mle ndani," Mshonaji alisema.

"Mle ndani kuna ukataji mbaya, basi."

Mshonaji akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu jana, na kilikuwa kizuri, na kilinichoma mahali.

"Basi gauni nitalitia mikono."

"Na hili si la kutupa," Bi Sindano aliongeza. "Naweza kulikata upya. Nilitoe tumbo. Litapungua uzito, kaka atalia kidogo, lakini jicho litafumba na mwanga utarudi. Gurudumu la kukatia lipo hapa nyuma."

"Likate," Mizani alisema. Alisema upesi mno. "Likate sasa hivi. Lifumbe."

"Likate," Mshonaji naye akasema.

Mambo yakaenda mbio. Bi Sindano akazifungua kucha za dhahabu, akalichomoa jiwe, akalibana kwenye mkono wa chuma, akabonyeza swichi. Gurudumu likaanza kuzunguka na kuvuma. Lilivuma kama mwanamke anayeimba na midomo imefungwa, akiwa na kazi nyingine mikononi.

Mkono wa chuma ukaanza kushuka.

"Usilikate!"

Nilitafuta aliyepiga kelele. Nilikuwa mimi.

Mkono ukasimama hewani. Wote wakanigeukia, gurudumu likiendelea kuimba.

"Kwa nini?" Bi Sindano aliuliza.

"Kwa sababu ya… urithi wa sanaa. Mkato wa aina hii unapotea duniani. Mwalimu wetu wa historia anasema—"

"Hasara," Bibi alisema.

Mshonaji akaja. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso dirishani, akaniweka mbali kidogo kwa urefu wa mkono wake, akanigeuza taratibu kulia, kisha kushoto. Mwanamke yule alikuwa amesoma somo moja tu na tayari alikuwa hatari.

"Kuna kitu unakijua," alisema. "Kimeingia humu, na wewe hukirudishi."

Nilikuwa na uongo wa aina nne mdomoni, na wote ulikuwa mzuri.

"Ni lake," nilisema.

"Lake nani?"

Basi, wasomaji, nimekamatwa. Na kwa kuwa nimekamatwa mbele yao, acha nikamatwe na mbele yenu: kule uvunguni mwa kabati sikushtuliwa na mzuka. Jicho lile nalijua tangu sijaota meno ya mbele. Mama mdogo alikuwa akinipakata, anaigeuza pete yake mpaka lile doa linafumba na kufumbua, kisha ananiambia, "Nakuona." Nikimwaga uji, nakuona. Nikificha daftari, nakuona. Alilipenda kwa sababu lilikuwa baya. Alisema almasi za wenzake zinang'aa tu, yake inamwangalia mtu.

Hayo niliyasema pale dukani, kwa sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Nikasema pia kwamba Baba mdogo alipoleta kisanduku nyumbani nilikifungua kwa umbea, nikakuta dhahabu mpya na jicho la zamani. Kwamba sikumwambia mtu. Kwamba nilichukua kichupa cha mafuta ya marehemu, nikapaka kitambaa cha kisanduku na mgongo wa jiwe. Kwa kidole hiki.

Bibi akaufumba mkono wake juu ya wangu. Hakunifinya.

Mshonaji alimgeukia Mizani. "Ni kweli? Ulitaka kunioa kwa jiwe lake?"

"Lilikuwa limekaa bure kwenye droo," Mizani alisema. "Zito vile." Akasita. Akajaribu tena. "Sikuwa naifungua ile droo. Nikipita tu nilijua liko macho. Nikasema likipata kidole cha mtu mwingine, litaacha."

"Litaacha nini?"

"Kunitazama."

Mchaichai ulikuwa bado hewani, na nilijua ulikotoka, nikajikuta hata hivyo natazama kile kiti.

"Mimi umeme wangu unakwenda," Bi Sindano alisema, lakini kwa upole. "Jiwe liko juu ya gurudumu. Nishushe mkono au nizime? Mwenye neno ni nani?"

Mizani alimtazama Mshonaji. Bibi pia aligeuzia ukungu wake huko. Mshonaji akaenda mpaka kwenye gurudumu, akaweka kidole juu ya swichi, asibonyeze.

Aliniangalia mimi.

"Ulitaka nifanye nini nilipoyanusa yale mafuta?"

"Ukimbie."

"Unanichukia kiasi hicho?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angeelewa, na gauni lingefumuliwa.

"Hapana," nilisema. "Juzi uliponipima ile nguo ya kusimamia harusi, ukaniambia nina mabega ya kinyozi. Nikacheka mpaka pini zikanichoma. Nikashinda nacheka. Usiku nimelala ndipo nikagundua sikumkumbuka Mama mdogo siku nzima. Hata mara moja. Nikaogopa. Nikasema wewe ukikaa hapa mwezi mmoja, mimi nitakuwa nimemmaliza."

Gurudumu likaimba. Kidole chake kilikuwa bado juu ya swichi, na kilichofuata, wasomaji, kitafuteni toleo lijalo, safari hii kwa kulinunua.